Kuongeza Diski ni Rahisi, Hapo Ndipo Balaa Inaanzia

Kuna sentensi moja nikiisikia nashika kichwa: “Si uongeze tu diski.” Hiyo “tu” ndiyo inaniua. Watu wanaisema kana kwamba diski ya klaudi ni ugali: wageni wamezidi, mimina maji, ongeza unga, songa, maisha yaendelee. Na kwa kiasi fulani wako sawa. Unaingia kwenye akaunti, unabadilisha 100 kuwa 200, unabonyeza, unarudi TikTok. Lakini unga ukishaingia sufuriani hautoki tena. Na ndani ya hiyo sufuria, mara nyingi, kuna vitu vya watu ambavyo haviwezi kupikwa mara ya pili.

Acha niweke msimamo wangu mapema, ndio ukitaka kubishana ujue tunabishana juu ya nini. Kubadilisha ukubwa wa diski si kazi ya kubonyeza, ni kazi ya kujiandaa. Kubonyeza ni dakika mbili. Kujiandaa kunaweza kula jioni nzima. Msee anayekuuzia zile dakika mbili bila ile jioni, hata kama bei yake ni poa, anacheza kamari na mali ambayo si yake.

Najua wengi wenu mnatafuta njia ya kuingia hii kazi ya seva. Mimi pia video pekee hazilipi kodi, kwa hivyo natunza seva za biashara ndogo ndogo pembeni. Haya ni maneno ambayo ningetaka mtu aniambie kabla sijagusa diski ya mteja wangu wa kwanza.

Hii diski ni mnyama gani?

Rika letu limezoea Google Photos na iCloud. Nafasi ikiisha unalipa kidogo zaidi, nafasi inapatikana, hakuna kingine cha kufanya. Diski ninayoongelea hapa ni tofauti. Hii inafungwa kwenye seva uliyokodi, ile inayobeba tovuti, app, databesi na mafaili ya wateja. AWS wanaiita EBS na wamekuwa nayo tangu 2008. Google Cloud wanaiita Persistent Disk. Azure wanaiita Managed Disk. Majina matatu, wazo moja: kipande cha hifadhi kinakatwa kutoka kwa hifadhi kubwa sana iliyo mbali, kinapewa namba, kisha kinajifanya diski ya kawaida mbele ya seva yako. Seva haijui kwamba hiyo diski iko kwenye jengo fulani Cape Town, ambako AWS walifungua eneo lao la kwanza Afrika mwaka 2020, au Virginia, au Ireland.

Jina lake la kazini ni volumu. Si ile ya matatu. Hii ukiipandisha hakuna jirani atakayelalamika, lakini pia hakuna kitufe cha kuishusha. Shika hapo, tutarudi.

Kosa la kwanza la watu wengi ni kudhani hii kitu ni moja. Ziko tatu, moja ndani ya nyingine. Chukulia una kashamba Juja. Kuna hati ya shamba, inayosema ardhi yako ni kubwa kiasi gani. Kuna fensi, inayoonyesha umezungushia wapi. Halafu kuna sehemu uliyolima, ambapo mahindi yako yanaota. Hati ndiyo volumu. Fensi ndiyo patisheni. Sehemu iliyolimwa ndiyo mfumo wa faili, pale ambapo mafaili yako yanakaa kikweli.

Sasa ukinunua kipande kilichopakana na chako, hati mpya itasoma ukubwa mpya. Lakini fensi iko palepale ilipokuwa jana, na jembe halijagusa upande wa pili. Mahindi hayaoti kwenye hati.

Hii ndiyo sababu mtu anaongeza diski kutoka GB 100 hadi 200, anaingia kwenye seva, anaandika `df -h`, na bado anaona 100 na imejaa. Anaingiwa na baridi. Anadhani haikuongezeka. Anarudi kwenye akaunti na kupandisha tena hadi 400. Hakuna kilichokosekana ila kusogeza fensi na kulima, na sasa bili imekuwa mara nne.

Amri ya kuanza nayo ni `lsblk`. Inakuonyesha diski nzima ni kubwa kiasi gani na patisheni ndani yake ni kubwa kiasi gani. Halafu `df -hT` inakuonyesha mfumo wa faili, aina yake na umejaa kiasi gani. Ukisoma hizo mbili pamoja unajua ni tabaka gani limebaki nyuma. Kama ni patisheni, kwenye Linux unatumia `growpart`, ukiipa jina la diski, nafasi, halafu namba ya patisheni. Ile nafasi kabla ya namba si urembo, ukiiruka amri inakataa. Kama ni mfumo wa faili, angalia aina. Ext4 unapanua kwa `resize2fs`. XFS unapanua kwa `xfs_growfs`, na hii unaipa mahali diski ilipofungwa, si jina la diski. Diski nyingine za data hazina patisheni kabisa, kwa hivyo unaruka hatua ya fensi. Na picha nyingi za Linux za klaudi zina programu ya cloud-init ambayo husogeza fensi ya diski kuu yenyewe seva ikiwaka upya.

Tangu Februari 2017, AWS wanakuruhusu kufanya haya yote seva ikiwa inatembea, bila kuzima. Ext4 na XFS zote zinakubali kupanuliwa watu wakiendelea kuzitumia. Kwa hivyo kweli, upande wa kupanda ni laini. Laini mpaka unasahau kuogopa.

Studio ya Anti

Sasa nikuambie kwa nini mimi bado naogopa.

Kuna mama mmoja ana studio ya picha Thika. Wote tunamwita Anti. Amepiga harusi, ubatizo, mahafali, na mazishi mengi kuliko pasta. Picha zake za miaka 11 ziko kwenye seva moja ya klaudi, ili wateja wajichagulie wenyewe mtandaoni na kuagiza.

Ukifikiria haraka utasema ni picha tu. Lakini Kenya mtu akifa, baada ya mambo ya mochari, swali la kwanza la familia huwa: “Nani ana picha yake nzuri?” Inahitajika picha ya mbele ya kitabu cha eulogi. Inahitajika ile kubwa ya fremu inayotangulia jeneza. Na kwa familia nyingi, hasa za wazee, picha ya pekee ambayo mzee amevaa suti na anatabasamu ni ile aliyopigwa kwenye harusi ya mtoto wake miaka saba iliyopita. Nayo iko kwenye diski ya Anti. Simu ya mtoto iliibwa, albamu ilinyeshewa, lakini kwa Anti ipo.

Siku moja, Alhamisi, Anti alinipigia. Picha mpya zilikataa kupanda. Diski yake ya GB 200 ilikuwa imejaa 100%. Na kulikuwa na familia imekaa kwenye benchi la studio ikisubiri picha ya baba yao, mazishi yakiwa Jumamosi. Fundi aliyekuwa akimsaidia kwa simu alikuwa ameshampa jibu: “Hiyo ni kitu ya dakika mbili, mathe. Naipandisha ifike 500, stori inaisha. Ikiwa kubwa sana tutapunguza baadaye.”

Nilimuuliza swali moja tu. “Anti, bakapu iko wapi?”

“Si iko huko huko klaudi?”

Hilo jibu nimelisikia kwa watu wengi, wengine wana digrii. Watu wanadhani klaudi na bakapu ni kitu kimoja. Klaudi inakulinda kifaa kikiharibika, kwa sababu kampuni huweka nakala za data yako kwenye vifaa kadhaa huko ndani. Haikulindi na amri mbaya. Ukifuta, inafuta kwa uaminifu kabisa, na nakala zote za ndani zinafutika pamoja.

Nikamwambia tusiguse ukubwa wa diski kwanza. Na ile familia ya benchi? Hiyo haikuhitaji diski kubwa. Diski ikijaa, kuandika ndiko kunakwama. Kusoma kunaendelea kama kawaida. Tulishusha picha ya mzee kwenye laptopu ndani ya dakika tano, Anti akaichapisha, wakaondoka. Hapo presha ikaisha. Na nakuambia, nusu ya usalama wa hii kazi ni kuondoa presha kabla ya kushika kibodi, kwa sababu mtu anayeharakishwa na watu waliokaa kwenye benchi atabonyeza chochote.

Uliza kwanza nani amejaza

Diski kujaa si lazima iwe ndogo. Wakati mwingine kuna mgeni amelala sebuleni tangu Krismasi na hakuna anayemuuliza anaenda lini.

Tulitembea na amri ya `du`, folda moja baada ya nyingine. Picha zenyewe zilikuwa kama GB 120. Kumbe kuna skripti ya zamani, iliyoachwa na fundi wa miaka mingi nyuma, ambayo kila Jumapili ilikuwa inafunga tovuti kuwa faili moja la zip na kuliweka palepale, kwenye diski ileile. Mazip matupu yalikuwa yamekula zaidi ya GB 60. Mtu fulani aliiita hiyo bakapu. Bakapu iliyo kwenye diski ileile ni kama kuficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba uliyoifunga.

Kuna wakosaji wengine wa kawaida. Logi ambazo hazina kikomo. Faili lililofutwa lakini programu bado imelishikilia, kwa hivyo `df` inasema diski imejaa na `du` haioni kitu. Unalikamata kwa `lsof +L1`, na ukiwasha upya ile programu nafasi inarudi. Kuna pia ile ya kushangaza ambapo gigabaiti zipo lakini inodi zimeisha, yaani diski imefikia idadi ya mafaili inayoweza kuhesabu. Hiyo unaiona kwa `df -i`, na hutokea sana kwa seva zenye mamilioni ya vijifaili vidogo. Na ext4 yenyewe, kwa kawaida, hutenga 5% kwa ajili ya mtumiaji mkuu wa mfumo, kwa hivyo programu za kawaida hulia “nimejaa” mapema kuliko unavyodhani.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa na GB 500. Unaahirisha tu ugonjwa na kulipia ahirisho hilo kila mwezi.

Snapshoti: piga picha kabla ya kugusa

Kitu cha kwanza tulichofanya, kabla ya kufuta hata zip moja, ni snapshoti. Hii ni picha ya diski nzima ilivyo dakika hiyo, inayohifadhiwa nje ya diski yenyewe. Diski ikiwa imejaa si tatizo, kwa sababu snapshoti haikai humo ndani. Anti alielewa haraka kuliko wanafunzi wengi wa kompyuta niliowahi kuwaelezea: “Kwa hivyo unapiga negativu.” Haswa.

Mambo matatu kuhusu snapshoti ambayo watu huyaruka.

La kwanza, inashika kilichoandikwa kwenye diski, si kilicho bado kwenye kumbukumbu ya programu. Kama kuna databesi inafanya kazi, isimamishe kidogo au iambie imwage kila kitu kwenye diski kwanza. Usiku wa manane dakika mbili za kuzima tovuti hazimuumizi mtu.

La pili, snapshoti ambayo hujawahi kuifungua ni imani tu. Tengeneza volumu mpya kutoka kwayo, ifunge kwenye seva, fungua mafaili kadhaa bila mpango maalum. Sisi tulifungua picha za 2014, za 2019 na za wiki hiyohiyo. Zikafunguka. Usishtuke ikiwa kwenye AWS inasoma polepole mara ya kwanza. Data huletwa kutoka hifadhini kadiri unavyoiomba. Ukimaliza, ifute hiyo volumu ya majaribio, maana nayo inahesabiwa kwenye bili.

La tatu, snapshoti iliyo kwenye akaunti ileile inakufa na akaunti. Nenosiri likiibwa au kadi ikikataa kulipa miezi mingi, vyote viko mahali pamoja. Kwa hivyo Anti alinunua diski ya nje na tukanakili picha zote humo. Iko kwenye droo nyumbani kwake. Si ya kisasa, lakini inalala usingizi mzuri.

Kama unadhani nazidisha, tafuta kisa cha GitLab. Hii ni kampuni ambayo watengenezaji wa programu dunia nzima huweka kazi zao. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wao mmoja alikuwa anarekebisha databesi ya akiba iliyobaki nyuma. Akafuta folda ya databesi, lakini kwenye seva isiyo yenyewe. Alipogutuka na kusimamisha, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5. Wakakimbilia bakapu. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi vile walivyotarajia. Moja ilikuwa ikishindwa kimyakimya kwa sababu ya toleo lisilolingana la programu, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani.

Kilichowaokoa ni snapshoti ambayo mhandisi alikuwa ameichukua saa sita hivi kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Data ya hizo saa sita ilipotea: kama miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700. Naipenda hii stori kwa sababu moja: hawakuificha. Walionyesha matengenezo laivu kwenye YouTube na kuandika kila kitu kilichoharibika. Na hawakumtupa mhandisi kwa mbwa. Walisema mfumo wao ndio uliokuwa na mashimo.

Sasa kama watu wenye timu nzima na mishahara ya dola walikuwa na bakapu tano mbovu, wewe na mimi na laptopu zetu za mkono wa pili tunajiamini kwa msingi gani?

Njia ya kurudi haipo

Turudi kwa lile neno la fundi: “Ikiwa kubwa sana tutapunguza baadaye.”

Hakuna baadaye. AWS haikuruhusu kupunguza volumu. Google Cloud haikuruhusu. Azure haikuruhusu. Zote tatu zina mlango wa kupanda, hakuna wa kushuka. Na usifikiri utaihadaa kwa snapshoti, yaani uchukue snapshoti ya GB 500 halafu uifungue kwenye volumu ya 200. Haikubali. Volumu mpya lazima ilingane au izidi ile ya mwanzo.

Na bili haijali umetumia kiasi gani. Unalipia ulichotenga. Kwa mfano, diski ya gp3 ya AWS kule Virginia huuzwa dola 0.08 kwa kila gigabaiti kwa mwezi. GB 500 ni dola 40. GB 250 ni dola 20. Tofauti ni dola 20 kwa mwezi, dola 240 kwa mwaka. Ukipiga kwa shilingi 130, hiyo ni zaidi ya elfu 31 kwa ajili ya hewa. Kwa kampuni kubwa hiyo ni chai. Kwa studio ya Thika hiyo ni lenzi.

Kwa nini kupunguza ni kugumu hivyo? Rudi shambani. Ukiuza kipande cha shamba kabla ya kuhamisha mahindi, umeuza na mahindi. Mafaili hayapangwi kwa foleni kuanzia mwanzo wa diski; yametawanyika. Ukikata mwisho wa diski kwa sababu “huko ni patupu”, unaweza kukata katikati ya picha ya mtu. Kwa hivyo kuna kanuni moja naomba uikariri: ukipanua, anza nje uingie ndani. Ukipunguza, anza ndani utoke nje. Kupanua ni hati, fensi, jembe. Kupunguza ni jembe, fensi, hati. Kwenye seva za kwako mwenyewe zinazotumia LVM, ambako kupunguza kunaruhusiwa, watu wamepoteza data kwa kugeuza huo mpangilio tu. Ext4 inakubali kupunguzwa ikiwa imefunguliwa kutoka kwenye mfumo, hakuna anayeitumia. XFS, kwa matumizi ya kawaida, haipungui. Imejengwa kukua.

Kwenye klaudi njia salama ya kupunguza ni kuhama nyumba. Unatengeneza volumu mpya ndogo. Unaipa mfumo wa faili. Unanakili mafaili kwa `rsync`, tovuti ikiwa bado hewani. Usiku unasimamisha tovuti, unapitisha `rsync` mara ya pili ishike mabadiliko ya mwisho. Unalinganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake pande zote mbili. Unabadilisha seva itazame diski mpya, kwa kutumia UUID kwenye `/etc/fstab` na si jina la kifaa, maana majina ya vifaa hubadilika. Unawasha, unakagua. Na ile diski ya zamani usiifute siku hiyo. Iache wiki moja au mbili. Hakuna anayechoma nyumba ya zamani usiku wa kuhamia mpya.

Tulimalizia wapi

Kwa Anti tulihifadhi zip moja ya mwisho nje, tukafuta zilizobaki, tukaua ile skripti ya Jumapili. Diski ikashuka hadi takriban 65%. Halafu, kwa utulivu, tukaongeza kutoka 200 hadi 250, kwa sababu msimu wa harusi za Desemba ulikuwa unakuja na tulijua anaongeza kama GB 3 kwa mwezi, zaidi kidogo msimu huo. Hiyo ni hesabu, si woga. Pia tukaweka onyo: ikifika 80%, simu ya Anti inapata ujumbe.

Hiyo 80% si namba ya bahati nasibu. Kusubiri mpaka 100% kuna mtego wake: `growpart` yenyewe inahitaji kanafasi kadogo ka muda ili kufanya kazi. Diski kuu ikijaa kabisa, amri ya kukuokoa inaweza kukataa kwa sababu hakuna nafasi. Ni kama kuishiwa kredo kabisa halafu unataka kupiga simu uombe kredo. Kuna njia ya kuizunguka, lakini hutaki kuitafuta saa nane usiku.

Mtego mwingine ni wa diski kubwa. Jedwali la patisheni la kizamani, MBR, halioni zaidi ya tebibaiti 2. Unaweza kulipia 4, ukapata 2. Kama diski yako itakua, anza na GPT tangu siku ya kwanza.

Fundi hakupenda. Alimwambia Anti kwamba nimempotezea usiku mzima kwa kazi ya dakika mbili. Sikubishana naye, kwa sababu kwa hesabu ya saa alikuwa sahihi. Ubishi wangu uko kwingine. Sisi vijana tunaingia hii kazi tukifundishwa kwamba ujuzi ni kasi. Nani anajua amri nyingi, nani anazichapa bila kuangalia. Wateja nao wanalipa kasi, kwa sababu ndicho kitu wanachoweza kuona. Hakuna anayeona msiba ambao haukutokea. Huwezi kuuposti.

Lakini fikiria nani analipa kasi ikishindwa. Fundi atapoteza mteja mmoja, na Thika ina wateja wengine. Anti atapoteza jina. Na kuna familia fulani, ambayo hata haijui seva ni nini, itafika studio siku mbaya kuliko zote maishani mwao na kuambiwa kwamba picha ya baba haipo. Hawakukubali hiyo hatari. Hawakuulizwa.

Kwa hivyo ukipewa ufunguo wa seva ya mtu, uliza bakapu iko wapi, na usikubali jibu la “huko klaudi”. Piga snapshoti, ifungue, uione kwa macho. Tafuta kilichojaza. Ongeza kidogo kwa hesabu. Na ukimtumia mteja bili yako, usiandike “kuongeza diski”. Andika kila kitu cha ile jioni, mstari kwa mstari, ajue alilipia nini. Dakika mbili za kubonyeza mpe bure.